Shikamoo Isiyoitikiwa

Bibi yangu aliitikia shikamoo ya kila kiumbe. Aliitikia ya walevi, ya mgambo wa soko aliyekuwa akimfukuza na madumu yake ya asali, hata ya kasuku wa duka la Mwarabu pale kona, ambaye watoto walimfundisha adabu waliyokuwa hawana wenyewe. Shikamoo moja tu ilimshinda, nayo ni ya Mwalimu.

Mwalimu alikuja kwetu Gongoni, mtaa wa Tabora, kila Ijumaa mchana. Alikuwa Mkristo wa Moraviani, kwa hiyo si swala iliyomleta mtaani. Alisimama kizingitini, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo wake. "Karibu chai," alisema. Mwalimu akaketi, akaletewa chai ya rangi na sahani ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Akatafuna polepole, akauliza habari za mvua, akaaga. Ijumaa iliyofuata, vivyo hivyo. Nilikua nikiyaona hayo mpaka nikawa na watoto wangu mwenyewe.

Anayekunyima chakula huenda hana. Anayekunyima marahaba anayo, ila hataki kukupa. Hilo nililijua tangu mdogo, na ndilo lililonifanya nimtilie shaka Mwalimu kabla hajanifundisha hata herufi moja.

Jina lake silitaji. Yu hai, na mji wetu ni ule ambao ukimsema mtu asubuhi, adhuhuri ameshakuja kukuuliza ulikuwa unasemaje. Na wala nisingemsema kama si wimbo. Juzi juzi mtendaji wa kata alinitaka wimbo wa mkutano wa hadhara, maana mimi ni manju, mtunzi na mwimbishaji wa kikundi chetu cha ngoma cha akina mama, na hapa mjini ukitaka watu waamke kwenye viti unanitafuta mimi. Tumekorofishana na nchi jirani. Siitaji nayo, kesho watapatana nikaonekana mimi ndiye mchokozi. Walizuia malori yetu, tukazuia yao, mtu akatukana mtandaoni, akajibiwa, sasa kila kijiwe kina jenerali wake. Mtendaji alitaka wimbo wa moto. Mwanangu wa pili ni askari, na kambi yake iko upande ule ule ambao wimbo ungewataka watu waende. Nikakubali. Nilijivuna hasa, kusema kweli, mpaka nilipoupeleka wimbo kwa Mwalimu aukague.

Lakini ngoja kwanza nimweleze mtu mwenyewe.

Mtaani kila mmoja alikuwa na lake juu ya zile Ijumaa. Wazee wa kijiwe cha kahawa walisema ni shushushu, anapeleka majina. Muuza maandazi wetu aliapa kwamba anamtaka mama yangu mdogo. Mama mdogo akaolewa Urambo na mkulima wa tumbaku, Mwalimu akaendelea kuja, hoja hiyo ikafia hapo. Mimi niliamini ameua mtu. Nilikuwa mtoto mwenye mawazo mabaya na bado sijaacha. Nilikuwa nikimpelekea chai huku nikimtazama vidole.

"Mpelekee," Bibi aliniambia siku moja jikoni, "na asikuimbie kitu."

"Kwani anaimba?"

"Nimesema asikuimbie."

Basi, hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu Mwalimu hakuimba kamwe. Shuleni mstarini nyimbo zikianza, yeye alishika kazi ya kukagua kucha zetu. Kanisani, nilisikia kwa wenzake, alifungua kitabu cha nyimbo akakisoma kama gazeti. Na sauti aliyokuwa nayo, mwe! Akiita majina asubuhi, lile jina lako la kawaida ulilopewa kwa kukosa jingine, ulilisikia limekuwa kubwa. Mtu mwenye kisima uani halafu hatoi maji, lazima ujiulize kuna nini chini.

Alitufundisha historia, na kalamu yake nyekundu ilikuwa na adui mmoja. Makosa ya tarehe aliyasamehe. Mwandiko mbaya aliusoma. Lakini popote ulipoandika "tu", ile "tu" ya "tulipigana", ya "tulishinda", aliizungushia duara na pembeni akaandika: Nani? Daftari langu lilikuwa na maduara mpaka nikadhani ana chuki na familia yetu.

Siku moja niliandika kwamba tulimfukuza Mjerumani. Akaniita mbele.

"Ulikuwepo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mimi nilikuwepo?"

Nikamtazama zile mvi zilizoanza kuchungulia. "Sijui, Mwalimu."

Darasa likacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akasema maneno ambayo wanafunzi wake wote tunayajua mpaka leo. "'Ni-' ina mtu mmoja ndani. Unaweza kumkamata ukamuuliza. 'Wa-' unaweza kuwahesabu. 'Tu-' ni lori lililofunikwa turubai. Usilipande kabla hujafunua ukaona nani yumo."

Hata vita vya Wazungu alivifundisha kwa shaka, kama mtu anayesimuliwa ugomvi na upande mmoja. Vitabu vilisema vita vilianza kwa sababu ya makoloni, masoko na mapatano ya kusaidiana. Yeye alikubali hayo yote, akayaandika ubaoni, kisha akafuta mikono na kusema, "Sasa niwaambie kinachonisumbua. Kaizari wa Ujerumani na mfalme wa Uingereza walikuwa binamu."

Tukapiga kelele. Binamu!

"Binamu damu. Wewe, binamu yako ni nani kwako?"

"Mtani, Mwalimu!"

"Unamfanyaje?"

"Ninamnyang'anya kofia! Ninamwita mchawi! Ninakula nyama yake!"

"Na yeye?"

"Anacheka! Na yeye ananiita mwizi!"

"Ehee. Hawa nao walikuwa na wivu kama wenu. Huyu akiunda meli, yule anaunda mbili. Huyu akipata nchi Afrika, yule hapati usingizi. Lakini kwao hapakuwa na wa kumvua mwenzake kofia yakaisha kwa kicheko. Wakaenda mashuleni, wakawafundisha watoto waseme 'sisi'. Watoto walipokua, vita vilikuwa tayari, vikingoja sababu." Mtihani wa mwisho wa muhula ule ulikuwa na swali: Kwa nini Kaizari na mfalme wa Uingereza hawakutaniana? Mkaguzi wa elimu alipoliona alimwandikia onyo. Mwalimu akalipokea, akashukuru, na mwaka uliofuata akaliuliza tena.

Alipofika Tabora katika hadithi ile ndipo alipokuwa mkali. Alisema njia hii yetu ya misafara imebeba mizigo ya kila mwenye mizigo. Wanyamwezi walibeba pembe za Mwarabu, wakabeba risasi za Mjerumani. Mbelgiji alipotokea magharibi akautwaa mji, wakabeba na mahema yake. Mjerumani akapigiwa vigelegele, Mbelgiji akapigiwa, Mwingereza akapigiwa. "Makoo ya mji huu hayabagui," alisema. Alituambia Kariakoo ya Dar es Salaam, mnakokimbilia kununua vitenge, ni jina la kambi ya wapagazi wa vita ile, na wengi wao hawakurudi kusimulia. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Mwalimu alimkatiza. "Methali hiyo inazitetea nyasi. Nyasi hazikuwaimbia tembo. Watu waliimba."

Alilisema neno la mwisho polepole sana. Nami, mwenye mawazo yangu mabaya, nikaandika moyoni.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa bahili wa chaki, mpaka kipande kikitoweka kwenye kucha. Aliamini daktari yeyote anayetabasamu ana jambo. Redio yake aliisikiliza kwa kuhama: habari ile ile kwa stesheni hii, halafu ile, halafu ya ng'ambo, kisha akazima na kusema, "Wote wamesema hawakuanza." Na alikuwa mnazi wa mpira wa kupindukia. Timu yake ya Dar ilipofungwa alikuja Ijumaa amenuna, akakaa mbele ya matobolwa hayali. Nikamuuliza kulikoni.

"Tumefungwa," akasema.

Nikamkamata hapo hapo. "Tu- nani, Mwalimu? Ulikuwepo uwanjani?"

Akanitazama, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mpira una kipyenga cha mwisho, mtoto wewe. Kipyenga kikilia kila mtu anarudi kwao."

Bibi, aliyekuwa anasikiliza, hakucheka. Alisimama akaingia ndani.

Kumbe Bibi alikuwa amenipa jibu zamani, nami nikaliacha lipite. Tulikuwa na wimbo wa kuruka kamba, watoto wote wa Tabora wa rika langu waliuimba. Hakuna aliyejua ulitoka wapi. Nyimbo za kamba hazina mwenyewe. Ulikuwa hivi:

Tutakwenda, tutakwenda,
gari moshi lapiga honi,
mama usilie mlangoni,
tutakwenda, tutarudi.

Ukisema "tutarudi" unaruka na kugeuka hewani. Nilikuwa hodari wa kugeuka. Siku moja nauruka uani kwetu, Bibi akatoka jikoni na kisu cha vitunguu, akaikamata kamba inazunguka, akaikata. Kisha akanipiga kofi. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kumpiga hata paka! Nilikaa nje nikilia mpaka Mama akaja kunichukua, na alichoniambia ni kwamba kaka yake, mjomba wangu, kitindamimba wa Bibi, alikwenda vita vya Kagera na hakurudi. Nilijua kwamba nina mjomba aliyefia vitani, picha yake ilikuwa ukutani. Nikadhani ni ile "gari moshi" tu inayomuuma Bibi. Nikaacha kuruka kamba nyumbani, nikawa naruka kwa jirani.

Bibi alifariki bila kuitikia shikamoo ile. Siku ya mazishi Mwalimu alikuja, akasimama nje ya lango na wanaume, akabeba jeneza zamu yake ilipofika. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala iliyofuatia. Ijumaa zikaisha kama zilivyoanza, bila maelezo.

Sasa nirudi kwenye wimbo wa mtendaji. Nilimaliza kuutunga nikauona mzuri, lakini mazoea ni mabaya. Sijawahi kutoa kazi kwa watu bila kusikia ile kalamu nyekundu kichwani. Nikasema heri nimpelekee mwenyewe. Anakaa ng'ambo ya reli siku hizi. Nilimkuta barazani kwake, miguu imevimba, ameitia kwenye beseni la maji ya chumvi. Amekuwa mdogo, ila sauti ni ile ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Yeye marahaba huitoa nzima, huwa haikati.

Nikamweleza: mkutano Jumamosi, mheshimiwa mbunge atakuwepo, akina mama wangu watavaa sare. Akauliza mwanangu yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko kambini, anajua habari za wimbo, ananiambia kwa simu, "Mama, wakamue!" Mwalimu akatikisa miguu majini. Akasema, "Haya, imba."

Nikaimba.

Tutakwenda, tutakwenda,
tutakwenda mpakani,
aliyetugusa mboni
tutamfuata nyumbani.

Nilikuwa nangoja aseme "Nani?" Hakusema. Alikuwa amefumba macho. Kisha yule mtu ambaye hakuimba mstarini wala kanisani, akafungua kinywa akaendelea pale nilipoishia, na sahihi kabisa kwenye mahadhi yangu:

"Gari moshi lapiga honi, mama usilie mlangoni..."

Kumbe mahadhi nilikuwa nimeyaiba kwenye wimbo wa kamba bila kujua.

"Na wewe uliuruka, Mwalimu?" nikajaribu kucheka.

"Huo wimbo ni wangu," akasema. "Niliutunga mimi."

Akanieleza, na hakuharakisha. Alikuwa kijana, mwalimu mpya, na sauti hiyo. Nduli alikuwa amevamia Kagera, nchi ina hasira. Wakamwomba wimbo wa kuwasindikiza vijana. Akawaimbisha kutoka uwanjani mpaka stesheni, mji mzima nyuma yake. Mjomba wangu hakuwa ameandikishwa. Alikuja kusindikiza kama wengine. Lakini aliuimba ule wimbo mpaka walipofika kwenye behewa, akamwambia ofisa amwandike naye, akapanda.

"Na wewe?" nikauliza, ingawa nilishaona jibu.

"Mimi nilikuwa juu ya kreti ya soda, ili wanione. Treni ikaanza kuondoka, nami napunga mkono, naimba tutakwenda. Ikapotea kule upande wa kaskazini, mimi bado niko juu ya kreti. Nikashuka, nikaenda nyumbani, nikala wali."

"Tulivamiwa, Mwalimu," nikasema. "Vita vile vilikuwa vya haki. Ungefanya nini?"

"Huenda vilikuwa vya haki. Sisemi vita vilikuwa uongo, nasema neno langu ndilo lililokuwa uongo. Walioondoka walikwenda. Mimi sikwenda. Ningesema 'nendeni', bibi yako angenichukia, lakini ningekuwa nimesema kweli."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikumbuka ile picha ukutani, na kofi, na kamba iliyokatwa, na Ijumaa zote zile, mtu anakuja kutafuna matobolwa ya mama aliyemnyang'anya mwana. Halafu nikamkumbuka Bibi akisema karibu chai. Kila Ijumaa alimpa chai.

Simu ikaita. Mtendaji.

"Manju wetu! Wimbo tayari?"

Mwalimu alikuwa ananitazama. Nikaweka sauti ya simu nje ili asikie.

"Mtendaji, una mtoto jeshini?"

"Mimi? Wangu wanasoma, dada."

"Mheshimiwa je?"

"Wa mheshimiwa wako nje huko, masomoni. Kwani vipi?"

"Basi Jumamosi nitaimba mimi 'nitakwenda', halafu wewe na mheshimiwa mtaitikia. 'Nitakwenda.' Mmoja mmoja, kwenye kipaza sauti."

Akacheka sana. "Dada nawe! Si wimbo tu huo?"

"Kama ni wimbo tu, hautawashinda," nikasema, nikakata. Nikaizima kabisa, maana namjua, angepiga tena.

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, nikayamwaga, nikaenda jikoni kwake nikaleta mengine ya moto, nikatia chumvi. Nilikuwa bado nina hasira, lakini miguu ni miguu. Niliporudi aliniambia, polepole, kwa ile sauti ya kuita majina:

"Nitakwenda."

"Wapi na miguu hii?"

"Kwa bibi yako. Si mbali sasa. Nikifika nitasimama mlangoni nimwamkie." Akaingiza mguu mmoja majini, akakunja uso kwa moto wake. "Unadhani safari hii ataitikia?"

Ningeweza kumdanganya. Mzee, mgonjwa, nani angenilaumu? Lakini mtu huyu alinifundisha miaka yote nisiseme kwa niaba ya wengine.

"Sijui, Mwalimu," nikamwambia. "Bibi alikuwa mgumu. Lakini chai atakupa."